Koti Katika Vioo Saba

Katika mji ule watu walitambuana kwa nguo, na hakuna aliyeona ajabu. Mwanamume aliyeazima shati la jirani aliitwa kwa jina la jirani kutwa nzima. Aliulizwa hali ya watoto wasio wake, akajibu kwamba hawajambo, na mke wa jirani akamgombeza kwa kuchelewa. Jioni alirudisha shati, na pamoja na shati alirudisha jina. Nyuso zilikuwapo, lakini zilikuwa kama ukuta ulio nyuma ya pazia: kila mtu alijua upo, hakuna aliyekuwa na haja ya kuutazama. Wapo waliodai kwamba mji haukuwa hivyo zamani, kwamba kulikuwa na wakati watu walitazamana usoni. Lakini neno zamani lilikuwa na shida zake pale. Saa ya mnara wa soko ilikwenda mbele asubuhi, ikasimama kidogo mchana kama inayofikiri, halafu ikarudi nyuma alasiri. Mtu aliyeuliza tangu lini aliambiwa aketi apumzike.

Siwema alipata riziki yake katika tabia hii ya mji. Alikuwa msomaji wa nguo katika Nyumba ya Picha, na kazi yake ilikuwa kusema ni nani aliye kwenye picha ambayo ukungu umekula uso wake. Ukungu wa mji ule ulikuwa na uchaguzi. Ulianza na macho, ukashuka kwenye mdomo, ukamaliza masikio na nywele, na ukifika kwenye kola uliacha. Ndiyo maana kabati za Nyumba ya Picha zilijaa watu wasio na nyuso waliovaa vizuri mno. Siwema hakuwakisia. Aliwapima. Upana wa ukosi, umbali kati ya kifungo na kifungo, upande ambao mshono umelala, namna kitambaa kinavyokunjika kwenye kiwiko cha mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Kisha alisema jina, na jina likawa. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya picha. Waliokuja kulia aliwapa kiti, akaendelea na kazi.

Picha moja tu hakuwahi kuipima. Ilitundikwa nyumbani kwao tangu alipokuwa mtoto, imekatwa kiunoni na kuzungushiwa fremu nene: kijana wa chuo, koti jeusi la vifungo viwili, tai nyembamba, kalamu ya wino kwenye mfuko wa kifua, na juu ya kola weupe uliosambaa. Mama yake, Bi Hadia, aliifuta kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu. Siku moja Siwema aliuliza kama huyo ndiye baba, na mama akaendelea kufuta. Mtoto alilichukua lile kufuta kuwa ndilo jibu. Baba alikuwa amefariki kabla yeye hajazaliwa, akaacha vitu viwili, picha na kidole. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Siwema kilipinda kwenda ndani, kama cha mtu anayemwita mwenzake bila wengine kujua. Mama alizoea kukipaka mafuta na kukivuta kinyooke. "Cha baba yako hiki," alikuwa akisema. "Hakisikii." Sasa mama naye alikuwa amekwenda, na wa kuulizwa hakuwapo.

Asubuhi moja Mkaguzi Shekue wa Baraza aliingia Nyumba ya Picha na kasha la mbao mikononi.

"Hujambo, Bi Siwema."

"Sijambo, Mkaguzi. Karibu kiti."

"Sikai. Nikikaa suruali itakunjika, na nikirudi Barazani na mikunjo watauliza huyu ni nani." Aliliweka kasha mezani. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye suti ya kijivu isiyo na kosa hata moja, na alizungumza kama mtu anayesoma. "Baraza limeamua mji uwe na mwanzo. Humu mna vioo saba vya picha. Ni wanafunzi wa kwanza wa Chuo, walipigwa picha siku moja, asubuhi ya mtihani wao wa mwisho. Tunamtaka mmoja. Atatundikwa ukumbini na chini yake pataandikwa Mwanafunzi wa Kwanza."

"Na sita?"

"Kitalu cha miche kinahitaji vioo. Vitaoshwa kwa magadi."

"Ukumbi una kuta nne, Mkaguzi. Saba wanaenea."

"Kuenea si hoja. Mji hauwezi kuwa na wa kwanza saba. Hata wewe una baba mmoja." Alijikung'uta vumbi ambalo halikuwapo. "Nitarudi saa ya soko itakapoanza kurudi nyuma. Unitajie mmoja, na sababu."

Alipoondoka, Siwema alikinyanyua kioo cha kwanza dhidi ya dirisha. Kwenye kioo cha picha mambo yamepinduka, nyeusi ni nyeupe na nyeupe ni nyeusi, lakini jicho lake lilikwisha kuzoea kupindua. Akaona koti. Alilijua kabla ya kulipima: vifungo viwili, ukosi mpana, kitundu cha kifungo cha juu kilichoshonwa upya kwa uzi mnene kuliko ule wa mwanzo. Miaka yote ya utoto wake alilala chini ya koti lile. Alikiweka kioo taratibu akachukua cha pili. Koti lilelile, kitundu kilekile. Cha tatu. Cha nne. Alipofika cha saba mikono yake ilikuwa imetulia kama kawaida, ila alikuwa ameacha kupumua, na alilitambua hilo kama mtu anayetambua kwamba mvua imekatika.

Kwa hiyo yumo humu. Mmoja ni yeye na sita si yeye. Nikikosea, nitakuwa nimemwosha kwa magadi mimi mwenyewe. Mchicha utaota chini yake. Watu watakula.

Alifanya alichofanya siku zote mambo yanapokuwa mazito. Alitazama nguo.

Na hapa lazima isemwe kwamba nguo zile zilistahili kutazamwa. Siwema alikuwa na maoni thabiti kuhusu rangi: aliiona kuwa mtoa udhuru. Kitambaa kibaya chenye rangi nzuri husamehewa, mshono mbovu hujificha ndani ya maua. Picha isiyo na rangi haisamehe chochote. Inabakiza mkato, uzito wa kitambaa, ukali wa mstari, na kiasi cha juhudi aliyofanya mtu kabla ya kutoka chumbani. Wanafunzi wale walikuwa wamefanya juhudi. Kutoka kifuani kwenda juu walifanana, koti lile, tai ile, kalamu ile. Lakini kutoka kiunoni kwenda chini kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mmoja alivaa suruali ya bugaluu ambayo pindo lake lilifunika viatu na kugusa sakafu bila kulala juu yake, jambo ambalo fundi hulipata mara moja katika maisha yake. Mwingine alikuwa na pekosi iliyobana paja na kufunguka kuanzia goti, juu ya raizoni zenye soli nene kama kamusi; alisimama juu ya viatu hivyo kama mtu aliyepewa cheo. Kulikuwa na aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Soksi zilikunjwa chini ya goti, na Siwema alipopima mikunjo, wa kushoto na wa kulia haikutofautiana. Kwenye kioo cha tano alikuwa msichana: sketi ya marinda iliyokoma juu ya goti, na kila rinda kali kama ukingo wa karatasi mpya.

Kioo cha saba kilimkalisha muda mrefu. Kijana mwembamba, mwembamba wa kutia wasiwasi, na suruali yenye mstari ulioshuka toka kiunoni hadi kwenye kiatu bila kuyumba. Mstari ule haukutokana na pasi. Pasi ya mkaa huacha mng'aro, na pale hapakuwa na mng'aro. Ulitokana na godoro. Mtu aliitandaza suruali juu ya mbao za kitanda, akaifunika kwa godoro, akalala chali hadi kulipokucha bila kugeuka. Siwema alimfikiria kijana huyo akiwa amelala kwa nidhamu kama ya askari wa zamu, ili suruali yake iamke imenyooka. Kwa ajili ya nani? Mtihani haukuulizi suruali. Wenzake walikuwa wameshaiona. Alikuwa amelala bila kugeuka kwa ajili ya mtu wa mbele huko, asiyejulikana, ambaye siku moja angekinyanyua kioo dhidi ya dirisha. Labda hiki ndicho kinachowavuta watu kwenye picha za aina hii, aliwaza Siwema. Si kwamba zamani kulikuwa kuzuri, maana maji yalichotwa mbali na taa zilitoa moshi, bali kwamba watu wale walituvalia sisi. Sisi hatujui tunamvalia nani.

Kisha akaliona kosa. Hakuliona mapema kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Mwembamba wa kioo cha saba na mnene wa kioo cha pili walikuwa wamevaa koti moja, na koti liliwakaa wote wawili bila mkunjo. Liliwakaa wote saba. Mabega sawasawa, kifua kimelala, vifungo havikuvutwa wala havikulegea. Koti linaweza kumkaa mtu mmoja hivyo. Akibahatika nduguye, wawili. Saba haiwezekani.

Siwema alifunga kasha, akalibeba, akaenda mtaa wa nyuma ya soko kwenye studio ya Bi Kazija.

Studio ile ilikuwa imekwisha kufungwa, au ilikuwa haijafunguliwa bado. Kwa saa ya soko huwezi kujua. Bi Kazija, dada wa mpiga picha aliyeianzisha, aliishi mle pamoja na kamera ya miguu mitatu iliyofunikwa shuka. Alikuwa mwanamke wa makamo yaliyosonga, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye ulimi.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa nini hicho? Gunia hilo lilikuwa na mchele au liliuzwa tupu?"

"Ni sare ya Nyumba ya Picha."

"Pole. Sisi tulipokuwa wanafunzi mtu angeona afadhali augue. Kaa hapo, usiegemee, ukuta una chokaa."

Siwema alipanga vioo dirishani, kimoja kimoja, vikaegemea nondo, na jua likapita ndani yake. Bi Kazija alivaa miwani. Alipita taratibu mbele yao kama mwalimu anayepita kati ya madawati. Kwenye cha tano alisimama.

"Sketi yangu," alisema.

"Yako?"

"Marinda ishirini na manne. Niliyashika kwa uzi mmoja mmoja, nikayalalia, asubuhi nikatoa nyuzi. Huyu ni mimi." Alicheka kidogo. "Tazama miguu hiyo. Na hao wa Baraza wanataka kunifanya dirisha la mchicha?"

"Wanataka mmoja tu."

"Basi wanichukue mimi. Wengine wote wamekufa, hawatagombana."

Siwema hakucheka. Aliuliza kilichomleta. "Bi Kazija, koti hili lilikuwa la nani?"

Mwanamke alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga, na ilikuwa wazi kwamba miwani haikuwa chafu. "Unauliza kama mtu wa Baraza au kama mtoto wa Hadia?"

"Nauliza kwa sababu nyumbani ninayo picha ya koti hili, na nimeishi nikijua kwamba mwenye koti ni baba yangu."

Bi Kazija aliinama akavuta sanduku chini ya meza, akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya gazeti lililopauka. Alilikung'uta likafunguka. Lilikuwa koti lile, vifungo viwili, kitundu kilichoshonwa upya. Kisha akaligeuza.

Halikuwa na mgongo. Kuanzia chini ya kola hadi kwenye pindo lilikuwa limepasuliwa katikati, na kingo za pande zote mbili zilikuwa zimeshonwa vizuri zisichanike.

"Siri ya studio," alisema Bi Kazija. "Kaka yangu aliapa nisiitoe. Mnene analegezewa, mwembamba anakaziwa. Mbele anatoka bwana, nyuma anapigwa upepo. Chuoni kote hapakuwa na mwenye koti, mwanangu. Kulikuwa na koti moja na lilikuwa la ukuta huu. Tai pia. Kalamu ile haikuwa na wino."

Siwema alilishika. Kitambaa kilikuwa kizito, cha kweli. Katika mji ambao mtu ni nguo yake, alikuwa amelala miaka yote chini ya nguo isiyokuwa ya mtu. Hili alilielewa mara moja na kwa ukamilifu, kama jibu la hesabu ambalo halimpendelei mtu. Picha ya nyumbani ingeweza kuwa ya yeyote kati ya wanaume sita. Ingeweza hata kuwa ya Bi Kazija, ikishakatwa kiunoni.

Kwa hiyo sina. Nilikuwa na koti. Sasa sina hata koti, nina nusu mbili zake.

"Lilifungwaje nyuma?" aliuliza. Sauti yake haikubadilika.

"Kwa vibanio vya nguo, mara nyingi. Lakini vibanio huruka, mtu anacheka, kioo kinaharibika. Siku yetu mtu alishika."

"Nani?"

"Mmoja wetu. Tulikuwa wanane." Bi Kazija alikunja uso. "Alisimama nyuma akashika, mmoja akitoka mwingine anaingia."

"Jina lake?"

"Ninakuambia kweli, sikumbuki. Hakuwa amevaa koti. Mtu asiye na koti nitamkumbuka kwa lipi? Na sikugeuka. Ukigeuka unatoka na vichwa viwili. Nakumbuka alisema nishushe pumzi. Basi."

Siwema alirudi dirishani. Picha za karatasi hukatwa kingo zake, na fremu hula zaidi. Lakini kioo hakikatwi. Kioo huhifadhi mpaka ukingo, na ukingo ndio sehemu ambayo hakuna anayeitazama, kwa sababu kila mtu hutazama katikati alikowekewa mtu wa kutazamwa. Alihakikisha kioo cha kwanza kiko upande upi, ili kulia kuwe kulia kweli. Kisha alitafuta ubavuni, chini ya kiwiko, koti linapokwisha na ukuta wa nyuma unapoanza.

Vidole vinne. Ncha tu, hadi kwenye pingili ya kwanza, zimekamata kitambaa kutoka nyuma. Mkono wa kulia. Kidole cha chini kabisa kimepinda kwenda ndani.

Kwenye kioo cha pili vilikuwapo. Kwenye cha tatu, cha nne. Kwenye cha tano vilishika kwa mbali zaidi, kwa heshima, kwa kuwa aliyevaa alikuwa msichana. Kwenye cha sita kimoja kilikuwa kimechoka na kuteleza kidogo. Na kwenye cha saba, kwa kuwa kijana yule alikuwa mwembamba mno hata asiweze kumficha mtu, uliingia mkono wenyewe mpaka kwenye kifundo, pamoja na pindo la mkono wa shati. Kwenye kioo lilikuwa jeusi tititi, maana yake lilikuwa jeupe kuliko kitu kingine chochote mle. Lilinyooshwa kwa pasi. Ncha yake haikuwa na kifungo. Ilifungwa kwa uzi, na uzi umekatwa vizuri usining'inie.

Siwema aliweka mkono wake wa kulia kando ya kioo. Hakuwa na haja ya kupima, lakini alipima.

Pasi. Alijua atasimama nyuma ya koti, na aliupiga pasi mkono wa shati. Au hakujua. Au alidhani zamu yake itafika.

Mwanga wa dirisha ulikuwa umeingia kwenye vioo vyote saba kwa pamoja, na kwa muda ambao saa ya soko isingeweza kuupima Siwema alikuwa uani mwa studio hii hii, asubuhi, chokaa ikiwa mpya. Wanafunzi walijipanga wakingoja zamu, wakishika vitabu ili visichafuke. Hakuna aliyemuuliza amefikaje.

"Vuta basi, bwana, mimi si gunia la karafuu."

"Tumbo lako ndilo gunia. Liingize."

"Limeingia."

"Limeingia wapi, naliona huku nyuma limetokea."

Walicheka kwa midomo iliyofungwa, wasiharibu tai. Aliyekuwa akijibu kutoka nyuma ya koti hakuonekana. Siwema alizunguka ili amwone, na kila alipozunguka koti nalo lilizunguka, kifua mbele, bila mkunjo. Msichana mwenye marinda aliingia. "Shusha pumzi, dada," ilisema ile sauti. Mwembamba akaingia, akaulizwa kama amekula jana. Kisha mpiga picha akatoa kichwa kwenye kitambaa chake cheusi akasema kwamba kimebaki kioo kimoja, cha nane, nani bado? Na hapo kengele ya Chuo ikalia, kengele ya mtihani, na wote saba wakakimbia wakishika mapindo ya suruali zao yasiguse vumbi, wazuri ajabu hata katika kukimbia. Koti likabaki limening'inia hewani, limeshikwa kutoka nyuma na mtu ambaye sasa ilikuwa zamu yake, na ambaye hakuwa na wa kumshikia.

Siwema hakuliamini sana jambo hili, kwa sababu lilimgusa. Alichokuwa na uhakika nacho ni vidole na pindo la shati. Aliyasukuma mengine kando, akakuta kwamba hayo mawili yanatosha.

Huko nje saa ya soko ilitoa mlio wake wa kugeuka, na Mkaguzi Shekue akaingia mlangoni. Walikuwa wamemwambia Nyumba ya Picha kwamba sare imeonekana ikielekea huku.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Kazija. "Bi Siwema, nimekuja kwa jina moja na sababu moja."

"Sina jina. Mtu ninaye." Alimwonyesha kioo cha saba, akaweka ncha ya kalamu ukingoni. "Huyu."

Mkaguzi aliinama bila kukunja goti. "Naona vidole."

"Ndiye Mwanafunzi wa Kwanza."

"Uso wake hauonekani."

"Na wa nani unaonekana?"

Alifikiri, kwa uaminifu. "Hakuna," alikiri. "Lakini hawa wamevaa koti. Koti ndilo linalotambulisha. Huyo wako hana koti."

"Koti halina mgongo, Mkaguzi. Likivaliwa bila mtu wa kushika, haliko. Hawa wote saba wamesimama ndani ya mkono wake. Na wewe unataka mmoja, kwa sababu mji hauwezi kuwa na wa kwanza saba. Huyu ni mmoja. Yumo katika vyote. Ukiosha kioo kimoja, umemwosha yeye."

Bi Kazija alitoa sauti ndogo, ya mwalimu aliyeona mwanafunzi amefika kwenye jibu kwa njia ndefu lakini halali.

"Hilo ni dai," alisema Mkaguzi Shekue. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyeheshimu ushahidi, na mtu wa namna hiyo hata akiwa upande wa pili unaweza kuzungumza naye. "Kwamba koti haliwezi kukaa bila mtu. Nikiambiwa Barazani kwamba labda lilikaa lenyewe, nijibu nini? Lithibitishe."

"Bi Kazija, kamera inafanya kazi?"

"Kuliko wewe. Na kioo kipo, kimebaki kimoja. Kimekaa muda, sikuahidi."

Alivuta shuka, akaingiza kioo, akajifunika kitambaa cheusi. Siwema alifunga tai nyembamba juu ya sare yake. Aliichomeka kalamu isiyo na wino. Kisha akaingiza mikono kwenye koti na kusimama mbele ya ukuta, pale pale, akanyoosha mabega kama alivyowaona wale saba wakinyoosha, bila kujigamba na bila kuomba radhi. Alijua jinsi ya kusimama. Alikuwa ameisoma miguu yao.

Mkaguzi alijiweka ubavuni kwake ili aone vizuri, mikono nyuma.

"Usipumue," ilisema sauti kutoka ndani ya kitambaa.

Koti lilikaa kwa kitambo. Kisha nusu ya kushoto ikaanza kuteleza begani, taratibu, kwa uzito wake wenyewe, na nusu ya kulia ikaifuata. Ukosi ulifunguka. Kalamu iliinama. Siwema hakusogea, mtu aliye mbele ya kamera hasogei. Jambo lilikuwa limethibitishwa, na koti lingeachwa lianguke.

Lakini Mkaguzi Shekue alikuwa amekulia katika mji ambao mtu ni nguo yake, na hakuna aliyelelewa hivyo anayeweza kusimama akitazama mwenzake anavuliwa. Mkono wake ulitoka mgongoni kabla hajauambia. Ulidaka koti kwa nyuma, ukakusanya nusu mbili, ukakaza. Kifua kikalala. Mabega yakarudi mahali pake. Mkunjo haukubaki hata mmoja.



"Usiachie," alisema Siwema bila kusogeza midomo.

Hakuachia. Kamera ikalia.

Bi Kazija alikwenda na kioo kwenye chumba cha giza kukisafisha. Mkaguzi alisimama akiutazama mkono wake kama mtu aliyepewa kitu cha kushika na mwenyewe hajarudi. Baada ya muda alivitazama vioo dirishani, ukingo kwa ukingo, vyote saba, na hakutazama katikati hata mara moja. Kisha alianza kuvirudisha kwenye kasha, akiweka kitambaa kati ya kimoja na kingine.

"Hivi havioshwi," alisema. "Nitawaambia. Vyote saba, na visitiwe fremu, fremu inakula ukingo." Alifunga kasha. "Ni nani kwako, huyu anayeshika?"

Siwema alimwonyesha kidole chake. Mkaguzi alikitazama kwa makini yaleyale aliyotazamia vioo, akaitikia kwa kichwa.

Bi Kazija alitoka na kioo kilicholowa, akakinyanyua dirishani. Kilikuwa kimeingia doa upande mmoja, lakini kilitoka. Mwanamke wa sare, tai, kalamu, koti lililomkaa kama alikatiwa yeye. Uso wake ulionekana wote, macho, mdomo na masikio. Ukungu ulikuwa haujapata nafasi. Siwema alijitazama mara moja, akaridhika, akahamisha jicho ubavuni.

Mkaguzi Shekue hakumtazama mwenye koti kabisa. Alisogea karibu sana na kioo, hata pumzi yake ikatia unyevu, akitafuta chini ya kiwiko.

"Nimetokaje?" aliuliza.

"Umetoka," alisema Bi Kazija. "Vidole vinne, na kucha safi. Sasa kaa, umesimama tangu asubuhi."

Mkaguzi alivuta kiti, akakaa, na suruali yake ikakunjika.